Mgonjwa Ni Sisi

Mtaani kwake hakukuwa na dirisha ambalo Mama Pazia hakulipima. Aliingia nyumba za watu na utepe shingoni, penseli sikioni na pini kadhaa kati ya midomo, akapanda stuli, akanyoosha mikono, na kabla hajashuka alikwisha jua mengi kuliko upana wa dirisha. Chumba kinachotakiwa pazia zito mchana kweupe kina mgonjwa au mlevi. Mke anayetaka pazia la kugawa chumba kimoja vipande viwili ana lake na mumewe. Mpangaji anayesema "weka lolote tu, mama" amekwisha kufunga mizigo moyoni. Yote hayo aliyajua na hakuyasema, na zile pini ndizo zilizowafanya watu wamwamini. Mwanamke mwenye pini mdomoni haropoki.

Ndiyo maana siku alipogundua kuwa jambo la nyumbani kwake mwenyewe linajulikana na ukoo mzima isipokuwa yeye, hakulia. Alipandwa na hasira ya fundi aliyeibiwa mkasi huku ameushika.

Aliyemletea habari ni wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mcheshi asiyenyamaza hata akiwa anatafuna. Alikuja kutaka mapazia ya sebuleni. Akapapasa vitambaa, akachagua zambarau, akaikataa, akairudia. Halafu, akiwa anatafuta pa kukaa kati ya marobota, akasema:

"Na pole, wifi. Nimeingia hata pole sijakupa. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Si mumeo."

"Mume wangu ametoka asubuhi na mkoba wake wa spana, amekunywa chai akaongeza. Anaumwa nini?"

Wifi akautazama mlango kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. "Basi pengine nimechanganya."

Mama Pazia akazitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye kimto chake moja baada ya nyingine. "Tangu nikujue hujawahi kuchanganya. Kaa."

"Kaka Mkubwa alisema usiambiwe kwanza. Mpaka tuwe na uhakika."

"Tuwe? Nani na nani?"

"Wifi, na wewe unaijua nyumba yetu. Mke huambiwa yakishaiva."

"Yamewiva. Pakua."

Wifi akapakua, kijiko kwa kijiko, akijifuta jasho. Kansa ya tezi dume. Bado ndogo, walisema, iko upande mmoja tu. Ilionekana zaidi ya nusu mwaka uliopita. Kaka Mkubwa ndiye aliyempeleka, Kaka Mkubwa ndiye aliyeongea na daktari, na Kaka Mkubwa ndiye aliyeamua.

"Aliamua nini?"

"Kwamba tungoje."

Huyo Kaka Mkubwa watu walimwita Spika, na si bure. Ujana wake wote alikuwa mtangazaji wa stendi, yule wa kwenye kibanda cha juu mwenye kipaza sauti, anayewaambia abiria gari gani linaondoka na mtoto wa nani amepotea. Alistaafu, kipaza sauti kikabaki stendi, lakini sauti aliondoka nayo. Kwenye ukoo ule yeye ndiye aliyesemea kila mtu. Hata Mama Pazia alipoposwa, Spika ndiye aliyeeleza jinsi bwana harusi anavyompenda msichana, na bwana harusi akakaa pembeni akitazama vidole vyake. Sauti ya mumewe Mama Pazia aliisikia vizuri baada ya ndoa, na hata hapo ilibidi asogee karibu.

Mwanamume huyo, Fundi Breki, alikuwa hodari wa kazi na mpole wa kupindukia. Baba yao alikufa akiwa mdogo, Spika akamlea, akamtafutia kazi gereji, akamnunulia spana ya kwanza. Toka hapo mdomo wake aliuweka kwa kaka yake kama mtu anavyoweka amana, na hakwenda kuuchukua tena.

Na Mama Pazia? Yeye alikuwa mtu wa kuja. Ndivyo walivyowaita wake waliooleka pale, tena kwa kicheko, kama ni utani. Amezaa pale, amezeeka pale, watoto wake wana watoto. Mama mkwe alipoanguka asiinuke, ni mikono ya Mama Pazia iliyomgeuza, iliyomwogesha, iliyomlisha uji mpaka pumzi ya mwisho. Wakati wa kumgeuza mama mkwe hakuna aliyesema huyu ni mtu wa kuja. Hapo alikuwa binti yetu. Utu wa kuja ulikuwa unarudi wakati wa kukaa na kuamua.

Hakumngoja mumewe arudi. Alivaa viatu, akafunga mlango, akamwacha wifi kizingitini na kitambaa cha zambarau mkononi, akaenda gereji.

Uwanja wa gereji ulikuwa mweusi kwa mafuta, ardhi inateleza kama sabuni, nyundo zinagonga kila upande. Katikati kulikuwa na lori kubwa limeinuliwa juu ya magogo, na chini yake ilitokeza miguu miwili. Aliijua. Soksi ya kushoto alikuwa ameitia kiraka kisiginoni kwa mkono wake.

"Toka chini ya gari," akaiambia miguu.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kuja."

Spana ikanyamaza huko chini.

"Mama watoto, nimefungua mabomba. Nikiachia, mafuta yote yananimwagikia."

"Yamwagike."

"Nani amekwambia?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza? Nguo zako za ndani nazifua mimi. Usiku ukiamka kwenda chooni mara kwa mara nikikuuliza, unasema ni chai. Chupa ya unga wa mizizi uliyoificha nyuma ya betri mbovu, ulisema ya kiuno. Nikanyamaza, nikajua mwanamume ana aibu yake, ataniambia. Kumbe umeshaiambia dunia nzima, mimi unanibakizia ukoko!"

Mafundi wawili waliokuwa wanafunga tairi pale jirani wakaona ni vizuri wakalifungie upande wa pili.

"Niliogopa," miguu ikasema.

"Kuniogopa mimi?"

"Kuogopa kuwa kaka yako. Daktari alisema wakikata, pengine mambo yale... pengine yasirudi. Na pengine mkojo usishikike, nivae nepi. Nikasema, mke wangu atalala na mzee wa nepi, atanitunza kama alivyomtunza mama. Sikutaka."

Kwa kitambo alitaka kucheka na kitambo hicho hicho alitaka kumvuta kwa miguu. "Kaka ninao, wanatosha," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyenificha maradhi. Hebu nijibu. Gari likiletwa hapa breki imeanza kulia, dereva unamwambiaje?"

"Namwambia asiondoke nalo."

"Na wewe ulipoambiwa inalia?"

Chini ya lori spana ikaanguka.

"Huyo daktari alisema kukata tu? Hakuna njia nyingine?"

"Zilikuwepo. Kukata. Mionzi. Na nyingine mpya pale kwao, ya mawimbi ya sauti. Wanaunguza pale penye ugonjwa tu, bila kisu. Alisema kwa kuwa yangu ni ndogo na iko upande mmoja, ninafaa."

"Na wewe ulitaka ipi?"

"Hiyo ya sauti."

"Ulimwambia daktari?"

Miguu ikasogea kidogo, kisigino kikapanda juu ya kingine, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Kaka alikuwa anaongea," akasema.

Neno lile lilimchoma Mama Pazia kuliko kansa yenyewe. Kansa haina akili, haina macho, haikuchagua. Lakini mtu mzima, baba wa watoto, anaulizwa habari za mwili wake, anajua anachotaka, na ananyamaza kwa kuwa zamu ya kuongea ni ya mwingine! Alishika ubavu wa lori, mkono ukajaa grisi, na alipoutazama akaona afadhali angekuwa ameshika shingo ya mtu.

Jioni ile ile walikuwa kwa Spika. Yeye mbele, mumewe nyuma. Spika alikuwa sebuleni na redio yake, chini ya mapazia aliyoshonewa na shemeji yake huyo huyo.

"Shemeji! Karibu, keti."

"Nimekaa vya kutosha. Zaidi ya nusu mwaka nimekaa."

Spika akazima redio taratibu. Alielewa mara moja, na wala hakuona haya. "Tulikuwa tunakulinda. Habari kama hizi mwanamke akizipata, nyumba nzima inakuwa matanga kabla ya wakati."

"Daktari aliwapa njia ukazikataa. Kwa nini?"

"Ya kisu? Unataka mumeo akatwe awe kama jogoo wa kuchorwa ukutani? Ya mionzi sikuielewa. Na hiyo ya sauti, shemeji, niachie mimi. Nimefanya kazi na vipaza sauti maisha yangu yote. Nimepiga kelele mpaka madirisha ya stendi yakatikisika. Sauti haijawahi kuua hata mbu! Halafu wanasema wataunguza nusu na nusu wataiacha. Wezi wakiingia ndani, unafukuza wa chumbani unamwacha wa jikoni? Nikamwambia daktari tutakaa kama familia, tutarudi."

"Mkarudi?"

"Tulikuwa tunalitafakari. Usiwe na pupa. Penye wazee haliharibiki neno."

"Neno halijaharibika, shemeji. Anayeharibika ni mume wangu."

Spika akasimama. Alikuwa mrefu, na sauti ile ya stendi ikajaa chumba. "Huyu nimemlea mimi! Baba anakufa, huyu hajanifika kiunoni. Nimelala njaa ili yeye ashibe. Sasa nimtoe wamfanyie majaribio?"

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomkera zaidi Mama Pazia. Mtu mbaya unamtukana ukamaliza. Huyu alikuwa anampenda mdogo wake kwa moyo wote, na kwa mapenzi hayo hayo alikuwa anamchimbia kaburi.

"Ulimlea akakua," akasema. "Hapo ndipo ulipopitiwa, hukuona kwamba amekua. Tunarudi hospitali, wiki hii. Ukitaka njoo, hutaki baki na redio."

Fundi Breki muda wote alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akimtazama huyu akiongea, halafu yule, kama mtu anayetazama mpira.

Hospitali wakapima upya, damu na picha, wakaitwa kusikia majibu. Chumba cha daktari kilikuwa chembamba, kina kitanda cha kupimia, meza, viti viwili, na dirisha lenye pazia lililoning'inizwa vibaya, ndoano tatu zimeachia. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliwatazama watatu walioingia, akauliza:

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni sisi," akajibu Spika.

"Kitanda changu hiki kina nafasi ya mtu mmoja, mzee."

Fundi Breki akanyanyua mkono kidogo. Mkono, si mdomo. Mama Pazia akauma meno.

"Nawakumbuka," akasema daktari. "Niliwaambia mrudi mwezi ule ule." Hakupandisha sauti, lakini Mama Pazia alimsikia vizuri. Mtu mwenye hasira humjua mwenzake. Daktari akawageuzia picha iliyokuwa kwenye kompyuta, akaweka ncha ya kalamu mahali. "Hii ndiyo tezi. Iko chini ya kibofu, kawaida haizidi tunda dogo la limau. Ugonjwa ni huu hapa, upande wa kulia. Umekua tangu ile picha ya kwanza. Bado uko ndani, haujatoboa ganda, lakini umelisogelea. Mkienda kukaa tena kama familia, mkirudi hii njia ya mawimbi sitakuwa nayo ya kuwapa."

Mama Pazia aliitazama ile ncha ya kalamu na mahali pale palipokuwa padogo, padogo kuliko kichwa cha pini zake, akahesabu moyoni miezi ya chupa ya mizizi.

"Hiyo sauti," akaanza Spika, "mimi nina ujuzi wa sauti..."

"Si sauti ya kusikika, mzee. Umewahi kuona watoto wanaunguza jani kwa kioo cha kukuzia juani? Ukipitisha mkono juu kwenye miale huungui. Pale miale inapokutana ndipo panapotoa moshi. Na haya mawimbi ni hivyo. Yanapita kwenye nyama bila kuidhuru, yanakutana mahali pamoja nilipopachagua, yanapaunguza. Kidogo kidogo, mpaka eneo lote la ugonjwa liishe. Chombo kinaingizwa kwa njia ya haja kubwa, naye amelala usingizi wa dawa. Hakuna kuchana."

"Na nusu inayobaki?"

"Hilo ni swali zuri."

Mama Pazia nusura ainuke kitini. Swali zuri! Lilikuwa zuri kweli, na Spika alikuwa amelikalia muda wote huo kama kuku juu ya jiwe, wakati jibu lake lilikuwa katika chumba hiki hiki, nyuma ya mlango usiofungwa.

"Nusu inayobaki tunailinda," akasema daktari. "Kipimo cha damu kila baada ya miezi kadhaa. Picha. Pengine sindano tena ya kuchukua vinyama vya kupima. Na si kwa mwaka mmoja, ni maisha. Faida yake ni kwamba mishipa ya upande wa pili haiguswi, kwa hiyo mambo ya mkojo na ya chumbani kwa wengi yanasalimika. Sisemi kwa wote. Na ugonjwa unaweza kurudi. Ukirudi mapema tukauona, tunaunguza tena au tunakata. Kukata kuna historia ndefu kuliko hii, hilo nalo mlijue. Mtu asiyetaka kurudi kwenye vipimo, njia hii simpi, maana atakuwa amejidanganya na mimi nimemsaidia." Akamgeukia Fundi Breki. "Wewe mwenyewe unataka ipi?"

Fundi Breki akamtazama kaka yake. "Kaka anaonaje?"

Mama Pazia akapiga goti lake kwa ngumi. "Anataka ya mawimbi! Aliniambia akiwa chini ya lori. Labda tumletee lori hapa ndipo aongee!"

Daktari hakucheka. "Mama, nakuelewa. Lakini lazima nipate kwake."

Kichwa cha Fundi Breki kikainama na kuinuka. Daktari akangoja kidogo kama kuna neno litafuata, halikufuata, akachukua kalamu. Mama Pazia alipaswa kufurahi. Badala yake alihisi uchungu kama wa shubiri. Kumbe na yeye amefanyaje? Amemsemea. Amemtoa mdomoni mwa mmoja akamtia mdomoni mwa mwingine.

Siku ya matibabu walikaa kwenye benchi la nje, yeye na Spika, na Spika akawaeleza watu wote wa benchi lile jinsi mawimbi yanavyokutana, kioo na jani na moshi, kama ndiye aliyeivumbua mashine. Bibi mmoja akamwuliza kama yeye ni daktari. "Karibu na hapo," akasema Spika. Mama Pazia akahama benchi.

Alasiri wakamtoa kwenye kitanda cha magurudumu, uso umekauka, hana kidonda, ila ana mpira wa mkojo na mfuko wake unaoning'inia. Akakaa nao nyumbani siku chache, kama alivyoelekezwa, na siku hizo zilikuwa mtihani. Kila mtu akibisha hodi, Fundi Breki alikuwa anauficha mfuko chini ya shati, anakaa amejipinda kama mwizi wa papai. Mama Pazia akachukua mabaki ya kitambaa cha zambarau cha wifi, akashona mkoba wenye kamba wa kuuficha ule mfuko. Aliushona kwa hasira, kushona mara mbili kila upande, kitu cha kubebea mkojo kikawa imara kuliko begi la shule.

"Mbona zambarau?" mumewe akauliza.

"Ulitaka nikuulizie kwa kaka yako rangi?"

Akauvaa. Mkewe alimtunza, akamlisha, akampa vidonge kwa saa zake, na hakumwambia neno moja tamu. Usiku alilala amempa mgongo. Mara moja akahisi mkono wa mumewe begani, akauacha pale, hakuuondoa, hakuushika. Hasira yake ilikuwa haijaisha, na hakuona sababu ya kuiharakisha. Wao walitafakari zaidi ya nusu mwaka, na yeye alikuwa na haki ya kutafakari.

Mpira ukatolewa. Mkojo ukasumbua kwa muda, ukawa unachoma, kisha ukatulia. Na hayo mambo mengine, yale ya kuwa kaka yake, hayakumfanya kaka. Hilo watu wengine haliwahusu.

Miezi ikapita, kipimo cha damu kikashuka vizuri. Daktari akasema ni dalili njema, akaandika tarehe ya picha na ya kipimo kingine. Spika aliposikia "imeshuka" hakusikia lingine. Akaita ukoo mzima nyumbani kwake siku ya mapumziko. Wake na waume, wajukuu, wifi na kicheko chake, viti vikaazimwa kwa majirani. Watu wakala, wakashiba, Spika akasimama katikati ya sebule, akasafisha koo kama zamani gari linapokaribia kuondoka.

"Ndugu zangu, nimewaita kwa furaha. Mdogo wangu alikuwa mgonjwa, tukapambana. Watu walisema akatwe, nikasema hakatwi mtu. Nilipomfikisha pale kwenye mawimbi..."

Wifi akamtazama Mama Pazia kwa pembe ya jicho, akaacha kutafuna.

"...leo amepona. Ugonjwa umekwisha! Wale madaktari wanataka aendelee kwenda, mara damu, mara picha, mara wamchome sindano. Nimekaa nikalitafakari. Nikaona hapana. Kurudirudi hospitali ni kuuita ugonjwa kwa jina, na ukiitwa utaitika. Tumemaliza na hospitali. Tumshukuru Mungu."

"Amina," wakaitikia baadhi.

Mama Pazia akahisi damu inapanda mpaka masikioni. Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini, makali, tena ya kutosha, na macho yote ya wanawake mle ndani yalikuwa yanamngoja ayatoe. Akafungua mdomo. Halafu akamwona mumewe, amekaa kwenye kiti cha kuazima, anatazama vidole vyake, vile vile kama siku ya posa. Akaufunga. Akisema yeye, huyu atanyamaza mpaka siku ya kuzikwa. Na asiposema, huyu hatarudi kwa daktari, nusu ile iliyobaki haitalindwa na mtu, na siku ya kuzikwa haitakuwa mbali. Akaona hapo kisu kinakata pande zote, naye amechoka kukishika. Akachukua mkoba wake, akasimama, akaanza kupita kati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni.

"Kaka, keti."

Aliposikia hivyo alidhani ni redio.

"Keti, kaka," Fundi Breki akarudia. Alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa na kutu, lakini ilifika kila kona. "Sijapona. Nusu wameiunguza, nusu ninayo. Alisema inalindwa maisha, na mimi nilimsikia, nilikuwepo. Mwezi ujao nina picha. Nitakwenda. Na baada ya hapo nitakwenda tena. Nitaingia na mke wangu. Wewe utatungoja nje."

Spika akashika mkono wa kiti, akakaa, na ghafla akaonekana mzee. "Mimi nilitaka mema tu," akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

"Najua, kaka."

Wifi akasema, "Haya, jamani!" akaanza kukusanya sahani ambazo hazijamalizwa.

Njiani walitembea bega kwa bega. Fundi Breki alikuwa anapumua kama aliyenyanyua gia boksi peke yake, na kila baada ya hatua alimtupia mkewe jicho. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimemwambia mbele ya watu wote."

"Umemwambia."

"Sasa mbona umenuna, mama watoto? Nilidhani leo utacheka."

Mama Pazia akasimama. Mawazo yake yalikuwa kwenye ile ncha ya kalamu ya daktari, na ganda lililosogelewa. Akakumbuka chupa nyuma ya betri mbovu, na miaka yote aliyokuwa anasogeza sikio karibu apate kusikia mumewe anataka nini, wali au ugali, shati hili au lile, kuishi au kufa. Alikuwa amejiambia siku zote kwamba mwanamume huyu aliumbwa hivyo, kwamba sauti hana, na mtu humlaumu vipi kiwete kwa kutokimbia. Kwa kujiambia hivyo ndivyo alivyoweza kumsamehe.

"Kumbe mdomo ulikuwa nao," akasema. "Siku zote ulikuwa nao!"

Mama Pazia akageuka, akashika njia, kwa mwendo ambao mtu mwenye afya tu ndiye angeweza kuufuata. Nyuma yake akasikia viatu vinaongeza kasi. Hakupunguza.